Maswali Yenu: Karavani, kadi ya punguzo na Ulaya nje ya msimu

Barua za toleo hili karibu zote zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Ulaya, walionunua karavani iliyotumika, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, na sasa wanataka kuivuta hadi nchi jirani wakati kambi za mapumziko zimepoa na bei zimeshuka. Wengi wanauliza kuhusu CampingCard ACSI, kadi ya kampuni ya ACSI ya Uholanzi iliyoanzishwa mwaka 1965. Kadi inanunuliwa mara moja, inatumika mwaka mmoja wa kalenda, na zaidi ya kambi 3,000 zinaikubali kwa bei maalumu nje ya msimu. Bei hupangwa upya kila mwaka, kwa hiyo hesabu zilizomo humu ni za mfano. Ziwekeeni namba za mwaka mtakaosafiri.

SWALI: Tulinunua kadi kwa sababu jirani alituhakikishia tutalipa nusu bei. Mwezi wa tano tukafika kambi iliyomo kwenye kitabu cha kadi, tukaonyesha kadi, tukaambiwa siku hiyo haifanyi kazi. Tukalipa bei nzima. Tumedhulumiwa?
*Mume na mke, Rotterdam*

Hamkudhulumiwa. Mlitumbukia kwenye pengo la tarehe, na wageni wengi wa kadi hii hutumbukia hapohapo mwaka wao wa kwanza.

Kadi hii haikati asilimia fulani ya bei ya kambi. Inakupa bei moja ya usiku iliyokwisha kupangwa, na kila kambi inajichagulia siku za kuikubali. Julai na Agosti, karibu zote, sahau. Lakini kuna siku nyingine zinazorukwa ambazo mgeni hazioni: wikiendi ya Pasaka kwa baadhi ya kambi, na zaidi ya hapo Kupaa kwa Bwana na Pentekoste, sikukuu ambazo Waholanzi, Wajerumani na Wabelgiji hutoka na karavani kwa wingi. Zinaangukia Mei au mwanzo wa Juni, na huhama kila mwaka kwa sababu zinafuata Pasaka.

Chukueni ukurasa wa kambi moja na msome mstari wa tarehe polepole. Tuseme umeandikwa: 1/4–13/5, 26/5–3/7, 31/8–30/9. Mwaka 2026 Kupaa ni tarehe 14 Mei na Jumatatu ya Pentekoste ni tarehe 25 Mei, kwa hiyo pengo la katikati limefunika sikukuu zote mbili. Mkifika tarehe 12 na kulala usiku nne, usiku wa mwanzo utahesabiwa kwa bei ya kadi na ule unaoangukia kwenye pengo kwa bei ya kawaida. Kuhusu usiku wa tarehe ya mwisho yenyewe, ulizeni mapokezi kabla ya kuegesha, kwa sababu hapo ndipo mabishano ya asubuhi ya kuondoka huanzia.

Bei ya kadi inachukua watu wazima wawili, kiwanja cha kawaida, gari na karavani, maji ya moto ya kuoga, mbwa mmoja mahali mbwa wanaporuhusiwa, na umeme wa hadi uniti 4 kwa siku, yaani kilowati-saa 4. Kodi ya utalii haimo. Ada ya mazingira haimo, wala ada ya kuweka nafasi, wala kiwanja cha hali ya juu chenye bomba lake. Uholanzi na kwenye miji ya mapumziko ya Ujerumani kodi hiyo peke yake inaweza kuongeza yuro kadhaa kila usiku, na msipoihesabu nyumbani mtadhani mmeibiwa.

Jazeni jina na mtie sahihi kwenye kadi kabla ya safari, na muionyeshe mnapofika. Mkingoja hadi siku ya kulipa, risiti imeshatengenezwa kwa bei nyingine na mhudumu ana haki ya kukataa kuibadilisha.

SWALI: Tuna watoto watatu, wa miaka 4, 8 na 11. Kadi itatusaidia au ni ya wazee waliostaafu?
*Mama, Antwerpen*

Mama, ukweli ni kwamba kadi hii imekatwa kwa kipimo cha watu wawili. Mtu wa tatu na kuendelea hulipiwa bei ya kawaida ya kambi. Zipo kambi zinazojumuisha watoto wadogo, hadi watatu, ambao hawajafika miaka 6. Hizo zina alama yake kwenye kitabu, na ukichuja kwenye tovuti utazipata. Lakini wa kwako wawili wameshavuka umri huo.

Fanya hesabu hivi. Tuseme bei ya kadi ni yuro 21, na kambi inatoza yuro 5 kwa mtoto. Wa miaka 4 akiwa bure, unalipa 21 + 10, yaani yuro 31, kisha kodi. Sasa tazama tovuti ya kambi hiyohiyo kwa tarehe hizohizo. Kambi nyingi huweka kifurushi cha familia nje ya msimu, wazazi pamoja na watoto wawili au watatu kwa bei moja. Kikiwa yuro 28 pamoja na umeme, kadi imekupa hasara ya yuro 3 kila usiku. Huwezi kujumlisha punguzo mbili, ni lazima uchague moja.

Kuhusu kodi ya utalii Ufaransa, walio chini ya miaka 18 hawalipi. Angalia wasihesabiwe kwa makosa kwenye risiti.

Mkiwa na watoto wa shule, wakati wenu wa kadi ni likizo ya vuli. Kambi nyingi zinazokuwa wazi wakati huo huikubali wiki nzima. Tafuta yenye bwawa la ndani, maana la nje mara nyingi limeshafungwa kufikia Oktoba, na watoto waliokaa garini kilomita 400 hawatakuelewa ukiwaambia bwawa limefunikwa turubai. Kama mnatoka mara moja tu kwa mwaka, siku nne tano, usinunue kadi kabla hujalinganisha bei za kambi mbili tatu mnazozitaka.

SWALI: Breka ya nguzo ya umeme ya kambini inakata kila tukipika. Mara ya mwisho ilikata saa moja jioni, mapokezi yamefungwa, tukalala na baridi hadi asubuhi. Na bado tuliambiwa tumezidisha umeme. Tatizo ni waya wetu?
*Msomaji, Hamburg*

Waya unaweza kuwa na lawama yake, ila kosa kubwa liko kwenye hesabu ya wati, na nje ya msimu hesabu hiyo ndiyo inayoamua kama safari itakuwa nafuu au ghali.

Kwenye nguzo kumeandikwa 4A, 6A, 10A au 16A. Zidisha kwa volti 230. Ampia 6 ni wati 1,380. Ampia 10 ni wati 2,300. Ampia 16 ni wati 3,680. Jiko la umeme la sahani moja linakula wati 1,500 hadi 2,000. Ukiweka sufuria ya pilau juu yake kwenye nguzo ya ampia 6, breka itakata hata kama taa zote zimezimwa. Kwenye ampia 10 pilau itaiva, ila mtu akiwasha birika katikati, giza. Nguzo nyingi zina kifuniko kilichofungwa kwa ufunguo wa mapokezi, na nje ya msimu mapokezi hufunga saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Kwa hiyo siku mnayofika ulizeni mambo mawili: nguzo ni ya ampia ngapi, na breka ikikata usiku tunampigia nani.

Kukatika ni jambo moja, kuzidisha uniti ni jingine. Uniti 4 za bei ya kadi huonekana nyingi mpaka uone zinakoishia. Friji ya karavani ya aina inayotumia gesi au umeme, ikiwekwa kwenye volti 230, hula karibu uniti 2.5 hadi 3 kwa saa 24. Watu hawaamini, kwa sababu ni ndogo na haitoi sauti, lakini inafanya kazi kwa kuchemsha maji yenye amonia ndani ya mabomba yake, mchana na usiku. Zinabaki uniti moja na kitu. Hita ya wati 1,000 inayowaka nusu ya muda kwa saa 10 ni uniti 5. Jumla imeshapita 7 kabla hamjachemsha chai, na kambi yenye mita itadai kila uniti ya ziada.

Dawa yake ni kugawa kazi. Friji, hita na mapishi vipeni gesi. Umeme ubaki wa taa, simu, chaja ya betri na birika dogo la wati 750 hadi 1,000. Friji ikiwa kwenye gesi hutumia karibu gramu 300 kwa siku. Hita ya Truma S 3004, ambayo imo kwenye karavani nyingi za Kijerumani na Kiholanzi, hutumia gramu 30 hadi 280 kwa saa kutegemea baridi. Tuseme inakwenda kwa wastani wa gramu 120 kwa saa 12: hiyo ni kilo 1.4. Ongeza friji na jiko, unakaribia kilo 1.9 kwa siku. Mtungi wa kilo 11 utakupeleka siku tano, sita ukibana. Mitungi miwili, siku kumi na moja hivi. Namba hiyo iandike mahali, kwa sababu mtungi wa kilo 11 wa Ujerumani haubadilishwi Ufaransa wala Hispania. Kila nchi ina mitungi yake na valvu yake. Aliyeondoka na mtungi mmoja uliojaa nusu ndiye anayeishia kuwasha hita ya umeme na kulalamikia bili.

Hakikisheni gesi ni propani. Butani, ile iliyomo kwenye mitungi midogo ya buluu, huacha kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi sifuri. Mtungi unabaki mzito, moto haupo. Propani inaendelea hadi nyuzi 40 chini ya sifuri.

Sasa waya. Inatakiwa kebo ya mita 25 yenye nyuzi tatu za milimita mraba 2.5, na plagi ya buluu ya kambini iitwayo CEE. Kama iko kwenye roli, ifunue yote hadi mwisho, hata kama nguzo iko mita tano. Kebo iliyozungushwa kwenye roli haitoi joto lake. Ikibeba wati 2,000 usiku kucha plastiki inalainika, nyuzi zinagusana, na huo ni moto chini ya chumba mlicholala.

Na msijaribu kupasha chumba kwa jiko la gesi la kupikia. Linakula hewa ya ndani na kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua mtu usingizini. Kengele ya gesi hiyo bei yake ni ndogo, iwekeni, na msizibe matundu ya hewa ya sakafuni na darini kwa nguo hata kukiwa na baridi ya namna gani.

Jambo la mwisho la baridi. Karavani zenye boila ya Truma huwa na valvu ya FrostControl. Joto likishuka chini ya nyuzi 3 hivi, inafunguka yenyewe na kumwaga maji yote ya boila chini, na haikubali kufungwa tena mpaka ipate joto la kama nyuzi 7. Asubuhi mtaona dimbwi chini ya karavani na kudhani bomba limepasuka. Hakuna kilichopasuka. Pasheni chumba kwanza, fungueni kabati ilimo valvu ili joto liifikie, kisha mfunge na kujaza upya.

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Leicester kwa viza ya kazi, pasipoti zetu ni za Tanzania. Tunataka wiki tatu Ufaransa na Hispania mwezi Septemba, bila kujifunga kila usiku. Lakini viza ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, inadai uthibitisho wa malazi. Tufanyeje?
*Msomaji, Leicester*

Dada, hapa uhuru wa karavani na karatasi za ubalozi vinagongana, na wa kulegeza ni ninyi.

Ombi linakwenda kwa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi. Zikilingana, nchi mtakayoingia kwanza. Mnaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Kwa Septemba, aprili au Mei ni wakati mzuri kwa sababu miadi ya kiangazi huisha haraka. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari ifikie yuro 30,000 na itaje nchi zote za Schengen.

Malazi yapangeni kwa vituo badala ya usiku mmojammoja. Wiki tatu ni vituo vitatu vya usiku saba. Chagueni kambi zenye ofa ya kadi ya saba kwa sita, ambapo unalala usiku saba na kulipa sita; zimo kwenye kitabu zikiwa na alama ya 7=6. Andikieni kila kambi barua pepe, mseme mnatumia CampingCard ACSI, mwombe uthibitisho wenye majina yenu nyote wawili kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe na anwani kamili. Ulizeni pia kwa maandishi kama mkibadili tarehe kuna kinachokatwa. Nje ya msimu kambi nyingi hazina ugumu, lakini baadhi hutoza ada ya kuweka nafasi ambayo hairudi. Nafasi ziwe za kweli. Kutengeneza karatasi za uongo ni sababu ya kunyimwa viza, na kukataliwa kunabaki kwenye rekodi.

Mkishaingia, kusogeza siku mbili huku na huku hakuna shida. Kubadili safari nzima ni tatizo: mkipata viza ya Ufaransa kisha mkalala Hispania wiki tatu zote, afisa atakayeona rekodi zenu mara nyingine ana haki ya kuuliza. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa, na mfumo wa EES ulioanza tarehe 12 Oktoba 2025 unasajili kuingia na kutoka kwa watu wasio raia wa Umoja wa Ulaya. Dover na Folkestone ukaguzi wa Ufaransa hufanyika upande wa Uingereza kabla ya kupanda, kwa hiyo fikeni mapema kuliko tiketi inavyosema.

Msijaze friji nyumbani. Nyama, maziwa na jibini kutoka Uingereza haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya, hata vikiwa vya matumizi yenu. Unga wa ugali na viungo vikavu havina tatizo hilo. Nunueni nyama mkishavuka.

Barabarani Ufaransa, kama uzito ulioidhinishwa wa gari na karavani kwa pamoja unapita tani 3.5, mwisho ni kilomita 90 kwa saa kwenye barabara kuu za kulipia. Kwenye malipo, karavani yenye kimo cha kati ya mita 2 na 3 inawaweka daraja la 2, ambalo ni ghali kuliko la gari peke yake. Ingizeni hilo kwenye bajeti, maana kutoka Calais hadi Perpignan ni zaidi ya kilomita 1,100.

SWALI: Wengi husema nje ya msimu hakuna haja ya kuweka nafasi. Nina Septemba na Oktoba nzima, pasipoti ya Uholanzi, na sitaki ratiba. Nianzie wapi?
*Msomaji, Eindhoven*

Wewe ndiye kadi hii ilitengenezewa. Bei inajulikana mapema, kambi ina nafasi, na ukiipenda unabaki, usipoipenda unaondoka kesho yake bila kupoteza kitu.

Lakini kutokuwa na ratiba hakuna maana ya kutoangalia kalenda. Kambi za kaskazini na katikati ya Ufaransa kwa sehemu kubwa hufunga kati ya katikati na mwisho wa Septemba. Kwa hiyo anza karibu: bonde la Mosel Ujerumani wiki ya kwanza ya Septemba, maeneo ya Cochem na Bernkastel-Kues, kabla mavuno ya zabibu hayajajaza kambi za kando ya mto. Hapo wikiendi za sherehe za divai piga simu, usibahatishe. Kisha shuka Burgundy na bonde la mto Rhône katikati ya Septemba, na mwanzo wa Oktoba uwe umefika Bahari ya Mediterania. Kando ya Rhône na Provence chunga upepo wa mistral. Ukianza kuvuma, shusha tenti ya mbele mara moja, kwa sababu unang'oa vigingi na kupinda nguzo kwa dakika chache. Kwenye pwani ya Costa Brava, Hispania, kambi nyingi hufunga ndani ya Oktoba. Zaidi ya hapo kusini, pwani ya Costa Blanca ina kambi zinazofunguliwa mwaka mzima.

Kilomita 250 hadi 300 kwa siku zinatosha. Siyo suala la uchovu tu: mapokezi nje ya msimu hufunga mchana, kuanzia saa sita hadi saa nane au tisa, na geti linabaki chini. Ukifika saa sita na nusu utakaa nje na karavani umeziba njia. Lenga kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni.

Asubuhi ya siku hiyo piga simu. Tarehe ya kitabu ilichapishwa mwaka uliopita, na kambi hufunga mapema mvua ikizidi au wageni wakiisha. Sema tangu mwanzo kwamba unatumia kadi, kisha uliza: mko wazi leo na kesho? Nyumba ipi ya vyoo na mabafu inafanya kazi, na maji ni ya moto? Viwanja vya ardhi ngumu vipo? Umeme ni ampia ngapi? Mapokezi hufunga saa ngapi? Nyumba ya vyoo ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa kambi yenye tatu huacha moja tu wazi, na usipojua utachagua kiwanja kizuri kando ya ziwa kisha utembee mita 400 gizani kila ukienda kuoga. Weka jina la kambi ya pili iliyo ndani ya kilomita 30, tayari kwenye simu.

SWALI: Mapokezi wanataka kubaki na pasipoti yangu mpaka niondoke. Ina kibali changu cha kuishi. Nikatae?
*Msomaji, Köln*

Unaweza kukataa kwa upole na kupendekeza wachukue nakala, au ulipe usiku wote mapema. Wanachohofia ni mgeni kuondoka bila kulipa. Zipo kadi za kuwekwa dhamana badala ya pasipoti: ACSI Club ID, Camping Key Europe, na Camping Card International inayotolewa kupitia vyama vya magari na vya kambi. Hizi zina bima ya madhara unayoweza kumsababishia mtu mwingine kambini. Usizichanganye na kadi ya bei. CampingCard ACSI si kitambulisho. Italia na Hispania sheria inataka taarifa za hati za kila mgeni, watoto wakiwemo, kwa hiyo hata ukiwa na kadi ya dhamana pasipoti zitasomwa, kisha zirudishwe mkononi mwako. Na kwa kuwa wewe si raia wa Umoja wa Ulaya, ukivuka mpaka kwa kibali cha Ujerumani unatembea na vyote viwili, kibali na pasipoti, ndani ya siku 90 katika kila siku 180.

SWALI: Nataka kukaa Hispania Januari na Februari mahali pamoja. Kadi itanifaa?
*Babu wa wajukuu wanne, Brussels*

Shikamoo, Babu. Kwa kukaa mahali pamoja miezi miwili, mara nyingi haifai. Kambi za pwani ya Costa Blanca zina bei ya mwezi kwa wageni wa baridi, na kadiri unavyokaa ndivyo bei ya usiku inavyoshuka hadi chini ya ile ya kadi. Omba bei ya siku 60 kwa maandishi na uulize umeme unahesabiwaje, kwa sababu kwenye bei za mwezi kwa kawaida umeme uko kwenye mita na hulipwa pembeni. Kadi itumie njiani, usiku nne tano za kwenda na za kurudi, ukiangalia kwanza ni kambi zipi za Ufaransa zinazofunguliwa Januari, maana ni chache. Kumbuka kadi ni ya mwaka wa kalenda. Ukiondoka Desemba na kurudi Machi unahitaji ya miaka miwili.

SWALI: Je, naweza kulala kwenye vile viegesho vya bei ndogo Ufaransa na Ujerumani badala ya kambi? Na nikipita njia ya Uswisi, karavani inahitaji stika ya barabara?
*Msomaji, Lille*

Vile viegesho vimetengwa kwa magari ya nyumba, yaani gari lenye vyumba ndani yake. Karavani ya kuvutwa kwa sehemu kubwa hairuhusiwi, na alama ya pale mlangoni husema hivyo. Ndiyo maana wenye karavani wanahitaji kadi ya kambi kuliko wengine. Ufaransa kuna pia kambi za halmashauri, camping municipal, ambazo bei yake ya kawaida wakati mwingine ni ndogo kuliko ya kadi. Hapo usiitoe kadi mfukoni. Na kwa kuwa umeuliza njia ya Uswisi pia: karavani inahitaji stika yake ya barabara kuu, mbali na ya gari. Austria ya gari inatosha.

SWALI: Baada ya mvua ya siku mbili karavani ilizama, gari likawa linazungusha matairi tu. Trekta ya jirani ndiyo iliyotutoa. Tungefanya nini?
*Msomaji, Gent*

Mngeomba kiwanja cha changarawe siku ya kufika, kwa sababu majani ya Septemba yakishalowa hayabebi tani moja na nusu. Kama yapo majani tu, chagueni kiwanja cha juu na muegeshe karavani ikiwa imeelekea njia ya kutokea, ili siku ya kuondoka gari lisimame kwenye lami au changarawe na karavani peke yake ndiyo ivutwe kwenye majani. Wekeni vibao chini ya matairi na chini ya miguu ya pembeni tangu siku ya kwanza.

Tairi likianza kuzunguka bure, acheni mara moja. Kila mzunguko unachimba shimo na kusugua tope liwe laini. Mwageni maji ya tangi kwanza. Lita 40 ni kilo 40. Futeni tope kwenye matairi ya mbele, sukumeni mikeka ya kukwea chini ya matairi yanayovuta upande yanakoelekea, na muanze kwa gia ya pili, polepole, bila kukanyaga mafuta sana. Asisimame mtu nyuma ya gari, maana mkeka ukikosa kushika hurushwa nyuma kwa nguvu. Kama bado haitoki, ifungueni karavani, mpeleke gari peke yake hadi kwenye ardhi ngumu, kisha muunganishe kwa kamba ya kukokotea yenye urefu wa kutosha na muivute taratibu, mtu mmoja akiongoza gurudumu la mbele la karavani na mwingine akiwa tayari kwenye breki ya mkono.